Mkuu wa Shughuli Anafanya Nini? Kazi ya Kila Siku katika Kampuni Ndogo ya Tabianchi



Kila mwaka finalisti wanaulizwa kazi gani wanataka kufanya nyuma ya Diploma ya Serikali. Majibu ni yale yale: daktari, mwanasheria, injinia, mwalimu, mchungaji. Mwaka huu mmoja wetu alileta darasani tangazo la kazi ambalo alilikuta katika simu ya yaya yake mjini Kisangani. Kampuni ndogo ya tabianchi ilikuwa inatafuta mkuu wa shughuli. Tulilisoma mara mbili. Tabianchi tunaijua kidogo, juu tunaisikia kila siku katika redio. Lakini mkuu wa shughuli, ni shughuli gani? Anapanda miti? Anapima mvua? Ao anakaa tu katika biro na kutia saini?

Tuliuliza walimu, tukauliza wazazi wanaofanya kazi mjini, tukasoma. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa kupanga, ili hata wa mwaka wa kwanza aelewe.

1. KAMPUNI YA TABIANCHI NI NINI?

Tunapochoma kuni, makala, petroli ao mazuti, kaboni iliyo ndani inaungana na oksijeni ya hewa na kuwa gazi ya kaboni. Mwalimu wa kemia atatusaidia hapa: kaboni ina uzito 12, oksijeni 16, na gazi hii ina kaboni moja na oksijeni mbili. Kwa hiyo kilo 12 za kaboni zikiungua zote zinatoa kilo 44 za gazi. Ndiyo maana gazi inayotoka katika kilo moja ya makala mazuri inapita uzito wa makala yenyewe. Gazi hii ikizidi hewani, inazuia joto la dunia lisitoke. Dunia inapata joto, na majira ya mvua yanaanza kuwachanganya wakulima.

Kampuni ya tabianchi ni ile inayouza kitu ao kazi ya kupunguza gazi hiyo, ao ya kuwasaidia watu waishi na mabadiliko haya. Si lazima iwe ya Wazungu ao ya mbali. Mwaka 2013 vijana wawili Wakongomani, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, walianzisha kampuni Altech. Walipokuwa watoto walikimbia vita upande wa Fizi na kukulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Waliporudi walianza kuuza taa za jua pahali ambapo watu walizoea kuwasha petroli. Kampuni nyingine, Nuru, iliwasha mtambo mdogo wa umeme wa jua katika Beni mwaka 2017, na mwaka 2020 mtambo mwingine katika Goma, wa megawati 1.3. Katika Kenya, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, mafundi wa bati na wafinyanzi wanatengeneza jiko la makala lenye kikombe cha udongo ndani ya bati. Jiko hilo limetembea mpaka inchi nyingi za jirani.

Katika mfano wetu tumechagua kampuni ya majiko, juu inatugusa sisi wenyewe wa Masako.

2. KWA NINI INATUGUSA SISI

Kila mmoja wetu amekwisha kuona asubuhi kinga zilizobeba magunia ya makala zikielekea Kisangani. Makala yale yametoka katika miti. Katika furu ya udongo kama tunavyoijua hapa, kilo moja ya makala inaomba kilo 5 mpaka 10 za kuni, kufuatana na mti, na ufundi wa mchomaji. Nyingine yote inakwenda na moshi.

Rezevu ya Masako iliwekwa na serikali mwaka 1953. Ina hekta 2105, katika pindo la mto Tshopo, kilometa kama 14 kutoka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanakuja kusoma humo wanyama na miti. Ndani bado kuna limbali wakubwa. Lakini kando kando tunakuta mashamba, mashamba yaliyolala, na kombokombo, ule mti unaoota mbio pahali ambapo msitu ulikatwa. Wazee wanatuonyesha: "Hapa palikuwa pori, pale pia."

Mchomaji wa makala si adui. Wengi wetu tumelipiwa minervali kwa makala. Na mjini mama atapika na nini kama umeme unakatika? Ndiyo maana mbabula inayokula makala kidogo ni jambo kubwa. Jiko lenye kikombe cha udongo, kufuatana na vipimo, linaweza kupunguza makala kwa 30 mpaka 50 kwa mia, ukililinganisha na jiko la bati tupu. Upande wa pili ni kupanda miti ya makala. Katika Kivu ya Kaskazini, shirika la WWF lilianza mwaka 2007 mpango wa EcoMakala, ambapo wakulima karibu na Bustani ya Virunga wanapanda miti ya kuchoma katika mashamba yao wenyewe.

3. SIKU MOJA YA MKUU WA SHUGHULI

Tuseme kuna kampuni ya watu kumi na wawili inayouza majiko Kisangani. Haina jina, ni mfano wetu tu. Direkta anaongea na wenye pesa, anatia saini mikataba, anasafiri. Mkuu wa shughuli anabaki. Ukitaka kumfahamu, waza ekonome wetu, prefe wa nidhamu na mpiga kengele, wote watatu katika mtu mmoja. Direkta ameahidi majiko elfu moja. Mkuu wa shughuli ndiye anayepashwa kuona kwamba majiko elfu moja yanapika.

Asubuhi mapema anafungua depo. Anahesabu majiko kwa macho na kwa mkono, halafu anatazama kaye. Kaye ikisema 84 na depo ikiwa na 81, siku haiendelei mbele ya kujua matatu yako wapi. Mara nyingi hayakuibwa. Vikombe vya udongo vilipasuka njiani, shofere akavitupa bila kuandika. Basi anafundisha tena namna ya kupanga majani makavu kati ya majiko, na anasema kila kikombe kilichopasuka kirudishwe, hata vipande.

Kisha anakutanisha wafanyakazi kwa dakika kumi tu, wakiwa wamesimama. Maulizo ni matatu. Jana nini kilikwama? Leo nani anakwenda wapi? Nani anakosa kitu gani? Mmoja anasema pikipiki haina kamba ya freni. Mwingine ana malaria. Wa tatu hana fakture za kuandikia wanunuzi. Mambo madogo, lakini kila moja linaweza kusimamisha kazi ya siku nzima.

Mbele ya saa sita anashughulikia njia. Bati na vyombo vikitoka Kinshasa, vinapanda mto kilometa zaidi ya 1,700. Maji yakipunguka, mashua inakaa juu ya mchanga. Mvua ikinyesha, barabara inakuwa matope. Mkuu wa shughuli mwenye akili hamwambii mnunuzi "kesho" juu ya kumfurahisha. Anamwambia siku ambayo anaweza kuitimiza, na kama mashua imechelewa anamtafuta yeye wa kwanza na kumwambia.

Mchana anakwenda sokoni, kwa toleka kama pikipiki imeharibika. Anakaa na mama wauzaji na kuwaacha waseme. Mmoja anamwambia: "Jiko ni nzuri, lakini nikisonga fufu linataka kuanguka." Neno hilo linapita ripoti nyingi. Aliyechora jiko alipima moto na makala, hakupima mkono wa mama anayesonga fufu ya watu tisa. Mkuu wa shughuli analiandika, na jioni analipeleka kwa fundi: miguu ipanuliwe.

Alasiri anatembelea nyumba za walionunua. Kazi hii tutaieleza peke yake, juu ndiyo moyo wa habari yetu.

Jioni analinganisha pesa na fakture. Majiko 14 yametoka, pesa ya 13 imeingia: hilo moja liko kwa deni la nani? Anapanga mishahara. Anaandika barua kwa wale waliotoa pesa, na habari mbaya anaitia mwanzoni, si chini ya ukurasa. Mwisho anafunga depo na kutundika ufunguo pahali pake.

Hakuna siku ambayo mtu atampigia makofi juu ya hayo. Watu wanaona kazi yake siku ile tu inapoharibika.

4. JIKO LILILOUZWA NA JIKO LINALOPIKA

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano, kama katika kitabu cha hesabu.

Tuseme nyumba moja ilikuwa inakula kilo 2 za makala kwa siku. Kwa jiko jipya inakula kilo 1 na nusu. Inabaki nusu kilo. Kwa siku 365 ni kilo 182 na nusu. Kwa majiko 1000 ni tani 182 na nusu za makala. Tukisema kila kilo ya makala iliomba kilo 7 za kuni, tumeokoa tani 1,277 na nusu za kuni. Vizuri sana.

Lakini tukiingia nyumbani, tunakuta nini? Jiko moja limepasuka na kutupwa. Lingine mama amelipeleka kwa binti yake kijijini. Lingine ni zuri mno, limewekwa chini ya kitanda linangojea wageni. Na katika nyumba nyingi majiko mawili yanawaka pamoja: jipya chini ya sombe, la zamani chini ya maharagi. Tuseme ni 600 tu yanayopika kwa kweli. Basi tumeokoa tani 766 na nusu. Tofauti ni tani 511. Tani hizo 511 ziko katika karatasi, haziko porini.

Ni kitu gani kinamlazimisha mtu kujua tofauti hiyo? Ni pesa, na ni dhamiri. Kampuni nyingi za majiko zinauza pia kitu kinachoitwa krediti ya kaboni. Krediti moja ni tani moja ya gazi ambayo haikutoka. Kampuni kubwa ya Ulaya ao Marekani inainunua na kusema, "Mimi nimetoa tani moja, lakini nimelipa mtu mwingine aipunguze kule." Kama tani ile haikupunguzwa, mnunuzi amedanganywa, na hewa imepata gazi mara mbili.

Kwa hiyo mkuu wa shughuli anatuma watu kupima. Nyumba zinachaguliwa kwa kura kutoka orodha ya wanunuzi wote. Muuzaji asizichague, juu atakupeleka kwa wale wanaomsifu. Anayepima anafika asubuhi, anapima makala, na nyuma ya siku nzima anarudi kupima yaliyobaki, kwa siku kadhaa. Anahesabu watu waliokula. Anatazama masizi, majivu, na kama jiko la zamani lina joto. Kisha anaandika alichokiona, hata kama si kile direkta alichokitaka.

Hapo ndipo wengi wanaanguka. Mwezi wa kwanza 2024, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika katika gazeti la kisayansi Nature Sustainability kwamba krediti za majiko walizozipima zilizidi ukweli karibu mara 9. Mwezi wa kumi mwaka ule ule, serikali ya Marekani ilitangaza mashitaka juu ya waliokuwa wakubwa wa kampuni C-Quest Capital, iliyokuwa inagawa majiko katika inchi za Afrika na Asia. Namba za vipimo vya nyumbani zilikuwa zimegeuzwa ili krediti ziwe nyingi. Na nani alikuwa amekubali kosa mbele ya tribinali? Aliyekuwa mkuu wa shughuli wa kampuni hiyo.

Tuliposoma hivyo tulinyamaza. Kazi ambayo tulifikiri ni ya funguo na fakture, kumbe ndiyo pahali ambapo namba inakuwa kweli ao uongo.

5. KAYE YETU SISI WENYEWE

Hatusemi haya kama watakatifu. Tulipokuwa tunaandaa habari hii, tuliomba ruhusa kupima kuni za jikoni yetu. Wazo lilikuwa kwamba Bwana Prefe atume barua ya kuomba majiko makubwa yanayobana kuni, na barua inataka namba. Tuliazima mizani, tukafungua kaye, tukagawana siku saba.

Siku ya pili ilinyesha usiku kucha. Tulipima kuni zimeloa na hatukuandika kwamba zimeloa. Mama Mpishi alitucheka: "Batoto, muko napima maji." Ilikuwa kweli. Kuni zenye maji zina uzito mwingi na moto kidogo.

Lakini ubaya ulikuwa siku ya tano. Aliyekuwa na zamu alichelewa kulala kwa ajili ya interogasio, asubuhi hakuamka. Moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Akatazama namba za siku zingine, akatia moja ya katikati. Hakuna mtu aliyejua. Namba ilikaa vizuri kabisa kati ya nyenzake, kupita hata zile za kweli.

Siku ya nane tulipeleka kaye. Bwana Prefe alisoma pole pole, akaweka kidole pale pale, juu siku ile Mama Mpishi alikuwa amepika mara moja tu.

"Hii namba ilitoka wapi?"

Mwenzetu alikuwa anaweza kusema ilitoka kwa mizani. Alisimama kwa muda, halafu akasema: "Bwana Prefe, sikupima. Niliwaza tu."

Hatutaji jina lake, na tunaomba asichekwe. Sisi wengine tuliandika kuni za maji kama kuni kavu, tofauti si kubwa. Bwana Prefe hakumpa adhabu. Alirudisha kaye na kusema: "Barua itangoja. Mwanze tena."

Tulianza tena. Sasa kaye ina mistari mipya: kuni kavu ao zimeloa, watu wangapi wamekula, nani alipima, nani alikuwapo. Kama siku haikupimwa, tunaandika "haikupimwa" na kuacha pahali pa namba wazi. Kaye inakaa jikoni, imefungwa kamba, na Mama Mpishi mwenyewe ndiye anayetuita asubuhi. Barua bado haijatoka. Inachelewa, na wakati huo kuni zinaendelea kuungua. Tunalijua. Lakini itakapotoka, kila namba itakuwa na mtu anayeweza kusema, "Mimi niliipima."

6. NANI ANAWEZA KUFANYA KAZI HII?

Wasichana na wavulana, wote. Haiombi mtu awe wa kwanza wa darasa. Inaomba mambo haya:

a) Kuhesabu bila kuchoka, na kuandika siku ile ile.
b) Kifaransa cha barua na ripoti, Kiswahili na Lingala cha sokoni na cha nyumbani. Mwenye lugha ya biro peke yake hataambiwa na mama kwamba jiko linaanguka.
c) Kemia na fizika kiasi cha kuelewa kinachopimwa. Wanaopenda masomo haya wajue kwamba Yangambi, kilometa kama 100 chini ya mto kutoka Kisangani, tangu mwaka 2020 kuna mnara wa mita 55 wa CongoFlux, katika ardhi ya INERA, unaopima gazi inayoingia na kutoka katika msitu. Hata kule kuna watu wanaoshughulika na umeme, nyaya na kaye kila siku.
d) Heshima kwa shofere, fundi na mlinzi, juu bila wao hakuna jiko linalofika.
e) Kusema "sijapima" mbele ya mkubwa.

Tukihesabu vizuri, mafunzo haya tunayo hapa hapa: zamu ya maji, zamu ya kuni, funguo za maktaba, kaye ya darasa. Mwenye ufunguo wa maktaba amekwisha kuanza kazi ya mkuu wa shughuli bila kujua.

MAULIZO YA KUFIKIRI KATIKA DARASA

1. Nyumba ya watu 8 ilikula kilo 3 za makala kwa siku. Kwa jiko jipya inakula kilo 2. Kwa mwaka inaokoa kilo ngapi za makala? Na za kuni, ukichukua kilo 7 za kuni kwa kilo moja ya makala?

2. Katika nyumba hiyo, watu watatu wamehama wiki ile ile jiko jipya lilipoingia. Jibu la ulizo la kwanza linabaki kweli? Kwa nini?

3. Wewe ni mkuu wa shughuli. Direkta anakuambia ripoti inatoka kesho, na nyumba kumi hazijapimwa. Utaandika nini?

Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa kemia mbele ya Ijumaa. Mwenye mizani nyumbani na anayeweza kutuazima, atuone jikoni asubuhi, mbele ya kengele ya kwanza.

Sisi, wanafunzi wa kaye ya kuni.